Hita ya Maji Ichaguliwe Kabla ya Plasta

Wengi wanaojenga Mbeya, Iringa au Njombe hulifikiria suala la maji ya moto wakati nyumba imeshapigwa plasta na kupakwa rangi, na baridi ya Juni imeshafika. Kwa hatua hiyo kinachobaki rahisi ni shawa ya umeme, ile inayofungwa juu ya kichwa cha anayeoga na kupasha maji yanapopita. Bei yake ni nafuu na fundi huifunga kwa muda mfupi, ndiyo maana imeenea. Hata hivyo, naamini haipaswi kuwa chaguo la kwanza la familia katika mikoa ya baridi, na kwamba mwenye nyumba anapaswa kuamua jambo hili akiwa na fundi umeme na fundi bomba pamoja, kuta zikiwa bado matofali.

Tuanze na umeme wenyewe. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 24, mzigo ambao waya wa soketi za kawaida haukuwekewa. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye sakiti breka, wenye unene wa milimita za mraba 4 au, afadhali zaidi, 6. Waya mwembamba hupata moto ndani ya ukuta mahali ambapo hakuna anayeuona. Zaidi ya yote kuna waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Katika nyingi ya shawa hizi koili inayopasha maji imezama ndani ya maji yale yale yanayomwagikia mwili wa mtu aliyesimama miguu mitupu kwenye sakafu iliyolowa. Nimeona mabafu ambayo waya wa kijani na njano wa shawa umekatwa na kuzungushiwa utepe mweusi, kwa hoja kwamba maji yanapata moto hata bila huo. Fundi anayetoa hoja hiyo asiruhusiwe kuendelea na kazi.

Gharama nayo haionekani dukani. Watu watano wakioga dakika kumi kila mmoja kwa nguvu hiyo hutumia zaidi ya uniti 4.5 kwa siku, yaani karibu uniti 137 kwa mwezi, kabla ya taa na jokofu. Aliyekuwa katika kundi la matumizi madogo la TANESCO, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, ameshalivuka. Na kama maji ya bomba yana nyuzi joto 16, shawa hiyo haiwezi kutoa zaidi ya lita tatu na nusu hivi kwa dakika zenye nyuzi 38.

Kwa Mbeya na Iringa ningeanza na hita ya jua, kwa sababu huko miezi ya baridi ndiyo ya kiangazi, na anga huwa jeupe siku nyingi. Arusha na Moshi ni tofauti: Juni hadi Agosti mawingu hutanda, hivyo tangi liwe na koili ya umeme ya akiba. Kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, na jua la Juni hupita upande wa kaskazini, paneli nazo zielekezwe kaskazini, hata kama upande wa barabarani ungependeza zaidi.

Penye mgao wa maji nahimiza tahadhari moja. Baadhi ya hita za jua hupasha maji kwa mirija ya kioo; mirija hiyo ikikauka juani hupata joto kali mno, na maji baridi yakiingia ghafla mchana hupasuka. Nyumba ya namna hiyo ifungiwe hita ya paneli bapa, isiyo na mirija hiyo, au iwe na tangi kubwa la akiba juu ya hita pamoja na koki ya kuifungia, ili maji yakirudi mchana yasiingizwe kwenye mirija mpaka ipoe usiku.