Mama Akisema "Yanavimba Akioga", Msikilize

Mtoto hajafikisha mwaka, ana madoa ya kahawia mgongoni na tumboni. Hayana usaha wala magamba. Ameshapakwa dawa ya fangasi, ameshaogeshwa maji ya mwarobaini, na bado yapo. Halafu mama anadokeza kitu ambacho mara nyingi hakiandikwi kwenye faili: "Akioga yanavimba, baadaye yanashuka yenyewe."

Kwangu mimi, hapo mama ameshataja ugonjwa, kasoro jina tu. Madoa ya namna hii yanaweza kuwa ya urtikaria pigmentosa, ugonjwa adimu wa ngozi, ambao mara nyingi huanza kabla mtoto hajatimiza miaka 2. Kwenye madoa hayo zimerundikana seli za kinga ziitwazo masti, na ndani yake mna histamini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe na mwasho. Zikichokozwa, kwa joto au kwa kusuguliwa, huimwaga. Ngozi inavimba na kuwasha. Sasa fikiria mtoto huyo akisuguliwa na dodoki kwenye maji ya moto ili "upele utoke"!

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Daktari husugua doa moja taratibu, husubiri dakika chache, kisha huangalia kama limevimba. Ni ishara ya Darier, daktari Mfaransa. Vitabu vingi husema doa litakuwa jekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Pitisha kidole juu yake, au mulika tochi kwa ubavuni, uvimbe utaugundua. Uvimbe mkubwa wa pekee usiusugue, maana unaweza kumwaga histamini nyingi kwa mpigo.

Kinachoniudhi ni zile krimu za mchanganyiko, zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki katika tyubu moja, zinazouzwa kabla mtoto hajavuliwa nguo akatazamwa. Zinavuruga sura ya upele, na anayekuja kuuchunguza baadaye anabaki kubahatisha. Bora rufaa kwa daktari wa ngozi. Moshi, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, wataalamu wa ngozi wanafundishwa tangu 1992.

Watoto wengi madoa huwafifia wakikaribia kubalehe. Kwa sasa aoge maji ya uvuguvugu, akaushwe kwa kugusishwa taulo tu, na kila anapoandikiwa dawa mzazi ataje ugonjwa huu, kwa sababu aspirini na kodeini zinaweza kuuchochea. Akizimia au akibanwa pumzi, ni hospitali moja kwa moja.