Leveli siti na vioo vya Coaster za Mbeya

Mwaka 2020, korona ilipoingia nchini, daladala ziliagizwa kubeba abiria waliokaa tu. "Leveli siti" ilikuwa na faida moja kubwa: trafiki aliyesimama kituo cha Mafiati jijini Mbeya anaona kwa macho kama konda ametii. Lakini kwa Mbeya hesabu yake inauma.

Chukua Coaster ya siti 28 ambayo asubuhi huongeza 12 wa kusimama. Wakiondolewa hao, kila safari inapoteza nauli 12 kati ya 40, huku dizeli ni ileile na hesabu anayopelekewa tajiri, mwenye gari, jioni ni ileile. Watu waliobebwa kwa safari 10 sasa wanahitaji 15. Safari hizo 5 zitoke wapi, wakati kati ya Uyole na Mbalizi daladala, bajaji na malori ya Tunduma vyote vinagombania barabara ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia? Dereva anakatisha ruti, anageuzia Kabwe, na abiria wa Mbalizi analipa nauli mara mbili. Bajaji haziokoi: kubeba hao 12 zinatakiwa 4, tena kwenye foleni hiyohiyo.

Wapo wanaosema agizo ni bure kwa kuwa msongamano unahamia kituoni. Hoja hiyo ni dhaifu. Kituoni kuna upepo, na korona huambukiza zaidi penye hewa iliyotuama.

Hewa ndiyo iliyosahaulika. Juni na Julai, baridi ikibana, abiria hufunga vioo vyote. Siti moja kwa mtu mmoja haisaidii sana humo ndani. Kioo kimoja cha mbele kushoto na kimoja cha nyuma kulia vikiachwa wazi, hewa hukatiza gari zima likiwa linatembea. Kwenye foleni hutuama tena, hivyo hapo vifunguliwe vingi zaidi. Tatizo ni vioo vilivyokwama kwenye reli kwa vumbi na kutu. Hilo liingie kwenye ukaguzi wa gari, janga liwepo lisiwepo.

Leveli siti ibaki kama silaha ya dharura, ila isije peke yake. LATRA, inayopanga nauli, iweke mapema nauli ya vipande vya ruti, na shule zipishane na ofisi kwa saa nzima. Na sasa, kukiwa shwari, abiria wahesabiwe Uyole, Kabwe, Mafiati na Mbalizi kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, wiki moja ya masomo na moja ya likizo, ili siku agizo likirudi ijulikane ni Coaster ngapi za kuongeza na zianzie kituo gani.