Mwacheni Mtoto Aitikie

Bibi yangu kule Ukerewe hakuanza hadithi mpaka aitikiwe. "Hadithi, hadithi!" Kisha anasubiri. Tukiitikia kivivu, anarudi kuchambua dagaa wake kama vile hajasema kitu. Ilibidi tupaze sauti wote, "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" ndipo fisi atoke porini. Na hata akishatoka, hakufika mbali bila sisi. Wimbo wake tuliuimba sisi, chui tulimngurumia sisi, na bibi aliposema "akafika njia panda," alinyamaza akatutazama, tumwambie ashike njia ipi.

Nayakumbuka haya kila ninapoona jinsi tunavyowapa watoto vitabu. Watu wa hapa Mwanza wanataka watoto wao wasome, hilo halina ubishi. Mama anayeuza dagaa mwaloni Kirumba, pale samaki wanaposhushwa, atajinyima ili mwanawe apate daftari na kitabu. Lakini kitabu kikishafika nyumbani, amri inakuwa moja: kaa, nyamaza, soma. Yule mtoto aliyekuwa akiimba na kubishana na fisi anafungwa mdomo siku ileile anayokabidhiwa kitabu. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la awali, mtoto akamuuliza mwalimu, "Mama yake huyu sungura wa kwenye picha yuko wapi?" Akaambiwa asome kwanza silabi. Hakuuliza tena hadi wakati wa kutoka.

Silabi sizidharau. Mtaala wa 2015 uliweka KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kuwa kazi kuu ya darasa la kwanza na la pili, na ulifanya vema. Ila mtoto anayejua ba, be, bi, bo, bu bila hamu ya kujua fisi amefanya nini, ataviacha vitabu mara tu mtihani ukiisha. Hamu hiyo huja kwa kushirikishwa, na sisi tulishakuwa na njia ya kumshirikisha kabla kitabu hakijaingia nyumbani.

Kwa binti wa kaka yangu, mwenye miaka mitano, nilianza na hadithi ya fisi aliyeona mwezi ziwani akadhani ni mnofu. Niliiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, na kila ukurasa ukaishia na kibwagizo:

Mwezi, mwezi, shuka, shuka,
njaa yangu imenishika!

Siku tatu za kwanza nilisoma mimi, na kila nikifika kwenye kibwagizo nikanyamaza, yeye akaimba. Siku ya nne aliweka kidole kwenye "shuka," akakipeleka kwenye "imenishika," akarudi tena. "Shangazi, hii na hii zimefanana, ila hapa kuna u na hapa kuna i." Sikuwa nimemfundisha. Maneno alikuwa nayo kichwani tayari, akawa anayatafuta yalipojificha kwenye karatasi, na Kiswahili kinamsaidia mtoto hapo, kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa.

Kuna maswali ya kumuuliza mtoto na kuna maswali ya kumkaba. "Fisi alikuwa na rangi gani?" ni mtihani. "Wewe ungekuwa fisi ungefanyaje?" ni mazungumzo, nayo yanahitaji umpe nafasi afikiri, usimjibie. Nilipomuuliza fisi afanye nini ili aupate ule mnofu, mdogo wangu aliyekuwa jirani akaropoka, "Aazime mtumbwi." Mtoto akakataa. "Ataazima kwa nani? Mbalamwezi ikitoka wavuvi hawapo."

Alisema kweli. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Baba yake ni mvuvi wa dagaa, anakaa kambini visiwani, na siku hizo ndizo anazokuwa nyumbani. Mtoto alichukua maisha yake akayatia ndani ya hadithi, kisha akaisahihisha hadithi kwa ukweli anaoujua. Mtu anayesoma kwa akili hufanya hivyohivyo hata akiwa na miaka hamsini.

Na ajibu kwa lugha inayomjia. Akisema kwa Kikerewe au Kisukuma, mpokee, kisha mwambie Kiswahili chake mwandike pamoja. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa 1896, aliandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe akaimaliza 1945, na msomaji wa Kiswahili akaipata 1980 kwa tafsiri yake mwenyewe. Ukiifungua unasikia wazee wanaongea, kwa mafumbo yao, salamu zao na mizaha yao. Mtu yule alisikiliza sana kabla ya kuandika.

Ninachowaomba akina baba wa mwaloni ni zile siku za mbalamwezi. Anayeona aibu kwa kuwa hasomi vizuri, asione. Aanze "Hadithi, hadithi!", asimulie ya samaki kamongo au ya dhoruba aliyoiona, na mtoto mkubwa aandike. Kesho yake wanaisoma pamoja, hata kama ni mistari minne. Kwa mtoto mdogo hakuna kitabu kinachozidi kile chenye maneno ya baba yake, na kinahitaji daftari na kalamu tu.

Daftari letu limefika pale fisi alipokaa ufukweni, mkia umelowa, anauangalia mwezi unaosogea kuelekea katikati ya ziwa. Ukurasa unaofuata hauna kitu. Binti amekataa nisiandike, amesema hapo atajibu baba. Jana usiku alitoka nje mara mbili kuangalia mwezi umefikia wapi.