Mwalimu wa Karakana na Barua ya Uzembe

Jumamosi iliyopita alinijia nyumbani mwalimu mwenzangu wa ufundi mitambo, amefungwa hogo mkono wa kulia, akaniomba nimwandikie barua. Ofisi ilikuwa imemtaka aeleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa uzembe uliosababisha mwanafunzi kuumia na mali ya shule kuharibika. Mali yenyewe ni kioo kimoja cha dirisha. Mkono wa mwalimu haukutajwa popote katika barua ile.

Umeme ulikatika katikati ya kipindi, kijana mmoja akatumia nafasi hiyo kubadilisha ncha ya keekee ya mezani, yaani mashine ya kutobolea, akauacha ufunguo wa kukazia umechomekwa palepale, na mwalimu akasogea ili autoe. Mara umeme ukarudi. Keekee, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikaanza kuzunguka bila kuguswa na mtu. Ufunguo ukampiga mwalimu kwenye kifundo cha mkono, ukaruka na kumchubua kijana paji la uso, kisha ukatokea dirishani.

Kila fundi anayefanya kazi na mashine katika nchi ambayo umeme huondoka na kurudi bila kuaga anajua kwamba mashine yenye swichi ya kawaida, ikikatikiwa umeme, haijazimwa, inasubiri tu. Dawa yake inajulikana siku nyingi, nayo ni swichi yenye kontakta, ambayo sumaku yake hujiachia umeme unapokatika, na mashine hubaki kimya hata umeme ukirudi, mpaka mtu aje kubonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe. Haihitaji mtaalamu wa kutoka ng'ambo, kwani fundi umeme mzuri wa mtaani anaijua. Mwenzangu aliiomba kwa barua tatu, zote ninazo hapa mezani, na hakuna iliyojibiwa. Kumbe ofisi inajua kuandika barua, ila wino wake ulikuwa unasubiri mfupa uvunjike.

Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwisha mwajiri jukumu la kulinda usalama wa watu wake kazini, na sioni kwa nini karakana ya shule ihesabiwe kuwa kitu kingine. Tangu mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, uanze katika baadhi ya shule mwaka 2024, nimesikiliza hotuba nyingi kuhusu kijana atakayejiajiri. Kuhusu swichi, sijasikia hata moja.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwenzangu naye aliteleza. Umeme ukikatika, mwalimu huenda kwanza ukutani kuzima swichi kuu, kabla hata ya kuwanyamazisha wanafunzi. Mwalimu aliyenifundisha mimi alitulazimisha kuitafuta swichi hiyo tukiwa tumefumba macho, mmoja baada ya mwingine, nasi tukamcheka muhula mzima. Lakini yule alikuwa na wanafunzi 16. Mwenzangu ana 54, hana msaidizi, na siku ile swichi kuu ilikuwa nyuma ya shehena ya madawati mabovu ambayo shule iliamua kuyahifadhi karakana, kwa kuwa huko, waliambiwa, "kuna nafasi".

Yapo na mengine, kama zile glovu ambazo wageni wa ukaguzi hupenda kuziona mikononi mwa kila mtu, hata mbele ya keekee inayoweza kuzinasa na kuondoka na kidole. Hayo nitayaandika siku nyingine.

Ninachokitaka leo ni kimoja, nacho nakisema bila kejeli: mwalimu wa karakana apewe, kwa maandishi yenye saini ya mkuu wake, mamlaka ya kuufunga mlango na kusema kwamba leo hakuna mashine itakayowashwa, asiitwe mvivu wala asiambiwe kwamba mtihani wa vitendo unakaribia. Na sisi walimu, tukishapewa, tuyatumie, badala ya kuogopa kuonekana hatuna moyo wa kazi.

Jibu tuliliandika kurasa mbili, tukaambatisha nakala za zile barua tatu, akatia saini kwa mkono wa kushoto. Kioo kimeshabadilishwa. Keekee imerudi kazini na swichi yake ileile.