Altezza haifi kwa mwendo, inakufa kwa maji ya bomba

Kila gari la spoti linapofia hapa Tanga maelezo ni yaleyale: "Vijana walilikimbiza." Mimi sikubali. Walilikimbiza wapi? Ukitoka Kange kuelekea Segera kila kijiji kina kibao cha 50, na kila mteremko una trafiki na tochi yake. Ukirudi mjini, matuta yanakusubiri. Toyota Altezza ya watu inamaliza uhai wake ikitembea taratibu kati ya Chumbageni na Ngamiani, redio yake ya Kijapani ikigotea FM 90, na bado inakufa. Kinachoiua ni mpira uliozeeka, chumvi ya hewa yetu, na maji ya bomba tunayoyamimina kwenye rejeta kana kwamba tunamwagilia mchicha.

Kwanza tukubaliane kuhusu umri, maana hapo ndipo tunapojidanganya. Altezza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, ikaacha kutengenezwa 2005. Ya mwisho kabisa imeshavuka miaka 20. Subaru Impreza WRX za umbo la kwanza ni za miaka ya tisini. Mazda RX-8 ilianza 2003, ikafungiwa ukurasa 2012. Kwa hiyo hata lile tunaloliita jipya kwa sababu limeshushwa juzi bandarini na viti vyake bado vina nailoni, ni zee. Dashibodi ikionyesha kilomita 80,000 mwenye nalo anatamba, lakini hosi, bushi, oili sili na mkanda wa taimingi havisomi dashibodi. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Mkanda wa taimingi wa Toyota nyingi, ule unaozipa valvu na pistoni zamu zao, wanasema ubadilishwe kwenye kilomita 100,000, na watu wanasubiri hiyo laki ifike huku mkanda una umri wa mtoto aliyeshamaliza kidato cha sita. Kwa wenzetu wa Subaru ndiyo balaa zaidi: mkanda wa injini yao ya EJ20 ukikatika, valvu na pistoni zinakutana, na hapo huzungumzii tena mkanda, unatafuta injini.

Sasa nije kwenye kitu kinachonikera kuliko vyote: themostati.

Kuna gereji moja Ngamiani ambayo fundi wake ana kopo la maziwa ya unga amelijaza themostati alizozitoa kwenye magari ya watu. Analionyesha kwa fahari. Ukimuuliza anakujibu kwa upole, "Bosi, hii ni ya nchi za baridi. Huku kwetu haina kazi, inakuziba maji tu." Mteja anatikisa kichwa, analipa, anaondoka ameridhika kwa sababu kweli mshale wa joto umeshuka.

Umeshuka, ndiyo. Ila injini haina habari na joto la Tanga. Ina joto lake inalolitaka, na themostati ndiyo inayolilinda: imefungwa hadi maji yafike karibu nyuzi 82, ndipo inafunguka yazunguke kwenye rejeta. Ukiitoa, barabarani injini inabaki baridi muda wote. Kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaongeza petroli. Plagi zinakuwa nyeusi. Unyevu ulio ndani ya oili haupati joto la kuufukuza. Halafu mwenye gari anakuja kijiweni kulalamika kwamba Altezza zinakunywa mafuta! Na lile tatizo la mwanzo lililofanya gari lichemshe, iwe feni, rejeta iliyoziba au wota pampu, liko palepale. Limefichwa tu. Litajitokeza siku ya foleni, kiyoyozi kimewashwa, jua la saa nane.

Mara nyingi mchawi ni kifuniko cha rejeta, kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo mzima. Kile kifuniko si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kinashikilia presha ya karibu baa 1, na presha hiyo ndiyo inayofanya maji yachemke kwenye nyuzi kama 120 badala ya 100. Ule mpira wake wa chini ukikauka, presha inavuja, maji yanaanza kutokota mapema, na wewe unaambiwa hedi gasketi, ile sili ya kati ya bloku na hedi ya injini, imekwenda. Kabla hujakubali hedi ifunguliwe, geuza kifuniko uangalie mpira wake. Ukiwa mgumu au umepasuka, anzia hapo.

Maji yenyewe sasa. Injini ya 3S-GE iliyomo kwenye Altezza RS200 ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Metali mbili tofauti ndani ya maji matupu, hapo kutu imeitwa mezani. Kulanti ina dawa za kuzuia hilo. Maji ya bomba hayana, na ya visima vyetu vya mitaani, ambavyo vingine ukionja tu unaijua bahari iko wapi, ni mabaya zaidi. Fungua rejeta ya gari lolote linalojazwa maji ya kopo, utakuta rangi ya chai ya rangi. Ile ni injini inajila yenyewe. Nikisema haya naambiwa kulanti ni ghali. Anayeniambia amefunga rimu za inchi 18.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na rimu. Nina ugomvi na mpangilio wa matumizi. Kijana akipata hela ya kwanza, rimu. Ya pili, egzosti itoe mlio. Ya tatu, anampa fundi grenda akate springi gari lilale chini. Springi iliyokatwa haina tena urefu wa kufanya kazi yake, kwa hiyo kila tuta linapigwa na shokapu, na shokapu za umri ule hazikuhitaji mateso ya ziada. Hela ya nne ndiyo anaanza kuuliza kwa nini usukani unatetemeka. Bushi, kaka. Bushi za chini zimekuwa biskuti tangu gari liko Japani.

Halafu kuna ndoto ya kubadili injini. Mwenye Altezza AS200, ile ya silinda 6 yenye injini ya 1G-FE, anaona haina nguvu, anataka injini ya 1JZ ya turbo. Inawezekana, mafundi wa kuifanya wapo, na namba mpya ya injini utaipeleka iandikwe kwenye kadi. Swali langu huwa moja: breki umefanyaje? Kimya.

Na breki kwetu si jambo la utani, kwa sababu Tanga tuna Lushoto. Wikendi ikifika kila mwenye gari la spoti anataka kupanda Usambara apige picha Soni, na kupanda hakuna shida. Shida ni kurudi Mombo, kona baada ya kona, mguu hauondoki kwenye breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na sisi wa pwani tunao wa kutosha kugawa. DOT 3 mpya, aina moja ya mafuta hayo, inachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji ya kutosha kiwango chake ni 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikiwa imelowa. Breki zikipata moto mteremkoni, yale maji yaliyonyonywa yanageuka mvuke, na mvuke unabonyezeka. Pedeli inakwenda chini kama hakuna kitu. Watu wanasema "breki zilikata", wanamlaumu aliyefunga pedi, kumbe mafuta hayajawahi kubadilishwa tangu gari liingie nchini. Miaka miwili ikipita, mwaga yote, weka mapya. Na kuteremka, tumia gia. Kama gari lako ni la otomatiki, ile nafasi ya gia ndogo haikuwekwa kwa ajili ya urembo.

Tairi nitazipitia haraka. Pembeni kuna namba nne ndani ya duara refu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi pana za mtumba zinauzwa kwa kuonyeshwa meno. Meno yanaweza kuwa mazima na mpira umeshakufa zamani. Soma namba kwanza, ndipo mpatane bei.

Kuhusu kutu, anayeishi karibu na bahari kule Raskazone hahitaji kuhubiriwa. Ila wengi wanadhani kutu inaanzia nje, kwenye rangi. Kwa magari haya inaanzia pasipoonekana: matundu ya kutolea maji chini ya milango yameziba kwa vumbi na majani, maji yanakaa ndani, bati linaliwa kutokea upande wa pili. Siku unapoona kidoti kimevimba kwenye rangi, nyuma yake pana shimo. Fundi rangi wa haraka atasugua, apige puti, apulize rangi, gari ling'ae mpaka masika yajayo. Kazi ya kweli ni kukata bati lililooza, kuchomelea jipya, kupaka dawa ya kutu ndani na nje, ndipo puti kidogo ya kusawazisha. Bei yake ni kubwa, siwezi kusema uongo. Lakini kuzibua yale matundu ya milango kwa kipande cha waya ni bure. Na kama unaagiza gari, soma karatasi ya mnada wa Japani: herufi S ni kutu, C ni bati lililoanza kuliwa. Magari ya mikoa ya theluji hutembea kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, kwa hiyo mengine yanafika kwetu chini yakiwa yameshatangulia.

Mafundi wanalaumiwa kupita kiasi. Fundi akiletewa gari saa nne asubuhi, mwenyewe anataka kwenda nalo Pangani saa kumi, na mfukoni ana nusu ya hela, atafanyaje zaidi ya kutoa themostati? Wengi wao mikono yao ni ya ajabu, nimeona watu wakifunga gia boksi ikakaa vizuri kwenye kivuli cha mwembe bila lifti. Kinachokosekana ni mwenye gari kujua ana gari gani. Unampigia muuza spea wa Gerezani au Ilala, Dar, unamwambia "nataka wota pampu ya Altezza", anakutumia kwa basi, jioni unapokea stendi ya Kange kitu cha silinda 6 wakati lako ni la silinda 4. Kibati kilicho chini ya boneti kimeandikwa kila kitu: SXE10 ni 3S-GE ya silinda 4, GXE10 ni 1G-FE ya silinda 6. Kipige picha, kikae kwenye simu. Na ujue kwamba nje ya Japani gari hili liliuzwa kama Lexus IS, kwa hiyo spea nyingi za bodi, breki na miguu utazipata kwa jina hilo pale jina la Altezza linapogoma.

Hili la spea litakuwa gumu zaidi mbele. Nissan mwaka 2017 ilianza kutengeneza upya vipuri vya Skyline GT-R ya R32, Toyota ikafuata mwaka 2020 na vya Supra za zamani, Mazda nayo ikaanzisha huduma ya kufufua Roadster ya kwanza. Wanafanya hivyo kwa sababu magari hayo sasa yana wapenzi wenye fedha nzito. Altezza ya Mikanjuni haimo kwenye hesabu zao. Tunategemea zile zinazokatwakatwa, na kila mwaka zinazidi kupungua. Kwa hiyo ukibadilisha kitu cha asili ambacho bado kinafaa, usimwachie muuza chuma chakavu. Kisafishe, kifunge, kiweke stoo, mama watoto apige kelele.

Wenye RX-8, nyinyi ni watu wa imani nyingine na nawaheshimu. Naomba mawili tu. Oili kupungua kwenye injini yenu, ambayo ina rota badala ya pistoni, si ugonjwa. Imeundwa kuchoma oili kidogo ili kulainisha sili za rota, kwa hiyo pimeni dipstiki kila mnapojaza mafuta. La pili, msiwashe gari kulisogeza kutoka juani hadi kivulini na kulizima papo hapo. Injini ya baridi ikizimwa hivyo inabaki imejaa petroli, kesho haiwaki, na kijiwe kizima kitakwambia injini imekufa.

Naulizwa sana, "Shehe, ninunue ipi?" Sijibu kwa jina la gari. Nenda asubuhi kabla halijawashwa, mwambie mwenyewe afungue rejeta na kikopo cha mafuta ya breki. Muulize mkanda ulibadilishwa lini, na risiti iko wapi. Yule mwenye rangi iliyopauka, rimu za kiwandani, na bahasha ya risiti zilizolowa jasho, mpe hela yake bila kubishana sana. Yule ambaye kabla hujauliza chochote ameshawasha gari ili usikie mlio, mshukuru, panda bodaboda urudi zako mjini.