Elfu kumi ya Mbagala na elfu kumi ya kijijini

Tangu Januari 2016, Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipoanza kutumika, shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara huendeshwa kwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Walimu wanaiita kapitesheni. Elfu nne hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, elfu sita huingia kidogo kidogo kwenye akaunti ya shule. Hesabu ni ileile Mbagala, Dar es Salaam, ileile kijiji cha mwisho cha wilaya. Je, shule za watoto maskini zaidi zisipewe zaidi?

Wanaotetea kiwango kimoja wana hoja nzito. Zamani fedha hizi zilipitia halmashauri, na shule nyingi zilipokea pungufu bila mwalimu mkuu kujua nyingine zimekwamia wapi. Leo mjumbe yeyote wa kamati ya shule anaweza kuzidisha idadi ya watoto kwa elfu sita akajua kilichopaswa kuingia. Ukianza kupanga shule kwa umaskini, nani atapanga? Tumeyaona kwenye TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini: majina ya kaya maskini yakisomwa mkutanoni, manung'uniko huanza hapohapo. Huyu ana ng'ombe, kaingiaje? Yule bibi analea wajukuu wanne, kaachwaje? Tena umaskini haukai vijijini peke yake. Mbagala kuna madarasa yenye watoto zaidi ya 100, na wengi wao wametoka nyumbani bila hata chai.

Nakubali yote hayo. Lakini tupige hesabu. Shule ya mjini yenye wanafunzi 2,400 hupata kama shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Ya kijijini yenye wanafunzi 180 hupata 90,000. Hiyo elfu tisini inunue chaki na rimu ya karatasi, irekebishe bawaba ya mlango, ilipe bodaboda ya kupeleka taarifa halmashauri na kurudi, na nauli hiyo haipungui kwa sababu shule ina watoto wachache. Ukifika mtihani wa mwezi, hakuna cha kuchapishia. Maswali yanaandikwa ubaoni, na mtoto wa dawati la nyuma, anayenakili taratibu, muda unamwishia kabla hajajibu hata la tatu.

Chakula ndicho kinachonisumbua zaidi. Waraka Namba 3 wa 2016 uliliacha jukumu hilo kwa mzazi. Kijijini mzazi hutoa debe la mahindi na maharage kidogo. Mvua zikikataa, debe halipatikani, na jiko la shule huzimwa mwaka uleule ambao watoto wana njaa kuliko miaka mingine yote. Yaani msaada hukatika unapohitajika zaidi, na kapitesheni haina fungu la kuziba pengo hilo.

Na thamani yenyewe imeyeyuka. MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulipoanza mwaka 2002, ruzuku ilipangwa kuwa dola 10 kwa mtoto, wakati dola moja haijafika shilingi 1,000. Sasa dola ni zaidi ya 2,000 na kiwango bado ni elfu kumi.

Serikali ikitaka kulenga, inaweza. Mwaka 2021, katika fedha za kukabiliana na UVIKO-19, yalipangwa madarasa 15,000, na 3,000 kati yake yakaenda shule shikizi, vile vituo vya watoto wadogo wasioweza kutembea hadi shule mama. Hapakuhitajika kupima umaskini wa mtu. Umbali ulitosha.

Kwa hiyo mimi nisingegusa elfu kumi ya mtoto wa Mbagala. Ningeongeza juu yake kiasi cha kudumu kwa kila shule, kubwa au ndogo, na nyongeza kulingana na umbali kutoka makao makuu ya halmashauri, mambo yanayopimika bila kamati ya kuamua nani fukara. Wapo watakaosema vijiji vitagawa shule ili kuvuna nyongeza mara mbili. Sioni hatari kubwa, maana shule mpya haisajiliwi bila madarasa na vyoo, na kijiji kinachohangaikia debe la mahindi hakitajenga hivyo kwa ajili ya nyongeza ya, tuseme, laki moja kwa mwezi. Mbagala nayo, kwa darasa la watoto zaidi ya 100, inadai vyumba na walimu, na hivyo vinatoka bajeti nyingine kabisa.