Nissan Leaf ya mtumba: nafuu ya umeme na deni la betri

Kati ya magari ya umeme yaliyotumika, Nissan Leaf ndiyo ambayo mtu wa kipato cha kati Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuifikia. Ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2010, usukani wake uko kulia kama tunavyotaka, na minadani huko zimejaa. Mimi nayaunga mkono magari haya. Kwa sababu hiyohiyo inaniuma kuona watu wakiyakagua kama wanavyokagua Vitz au IST: mwaka wa kutengenezwa, kilomita, rangi, usafi wa viti. Kwenye Leaf hayo ni ya pembeni. Thamani ya gari imelala chini ya sakafu, kwenye betri, na betri haizeeki kwa kufuata kilomita peke yake.

Tuanze na upande unaovutia, maana nafuu yake ni ya kweli. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 hula takriban uniti 19 za LUKU (uniti moja ni kilowati-saa moja) kwa kilomita 100, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani Tanzania, Sh 357 hivi kwa uniti kodi zikiwemo, hiyo ni kama Sh 6,800. Gari dogo la petroli linalokula lita 7 kwa umbali huo, lita ikiwa Sh 3,000, litakutoa Sh 21,000. Tofauti ni Sh 140 kwa kila kilomita. Anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi anabakiwa na Sh 210,000 mfukoni. Hakuna kumwaga oili ya injini, hakuna plagi, hakuna mkanda wa injini, na pedi za breki hudumu sana kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Kenya wameongeza kichocheo: mwaka 2019 walishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme hadi asilimia 10, na mwaka 2023 Kenya Power ikapata bei maalumu ya kuchajia, Sh 16 za Kenya kwa uniti na Sh 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya tozo nyingine.

Lakini ile Sh 140 si yako yote. Sehemu yake ni ya betri, hata kama hakuna anayekuletea ankara. Tuseme betri nyingine, ikishaagizwa, kusafirishwa na kufungwa, itakugharimu Sh milioni 12. Ikiwa hii uliyonayo itakubeba kilomita 150,000 kabla ya kuchoka, unakula Sh 80 za betri kwa kila kilomita, na bado una faida nzuri. Ikichoka baada ya kilomita 80,000 unakula Sh 150, na nafuu yote ya umeme imekwisha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: betri hii imebakiwa na nini?

Hapo ndipo joto linapoingia. Betri ya Leaf hizi za mtumba haina mfumo wa kuipoza kwa maji wala kwa feni. Hupoa kwa hewa inayopita nje yake tu. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, Marekani, walianza kulalamika kwamba vipande vya kipimo cha betri kwenye dashibodi vinapotea mapema kuliko walivyotarajia, na Nissan ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo wa betri. Dhamana ya namna hiyo haivuki bahari pamoja na gari la mnadani. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ina ubaridi unaoisaidia betri. Dar, Tanga na Mombasa hazina. Leaf ileile, dereva yuleyule, itazeeka haraka zaidi pwani, hasa ikiachwa juani ikiwa imejaa chaji.

Halafu kuna umbali. Tangazo la Japani litakuambia Leaf ya kilowati-saa 40 inakwenda kilomita 400. Hicho ni kipimo cha maabara cha kule. Kipimo cha Marekani, kilicho karibu zaidi na barabara halisi, kinasema 243 ikiwa mpya. Ikibakiwa na asilimia 80 ya uwezo, ni chini ya 200, kwa hiyo Dar hadi Morogoro ni safari ya kuomba dua. Zile za mwanzo za kilowati-saa 24 zilipewa kilomita 117 zikiwa mpya, zilizofuata 135. Ikishachoka, kwenda Bagamoyo na kurudi bila kuchaji kunaweza kukushinda. Ndizo zinazouzwa kwa bei ya kutupa, na kwa maoni yangu usizinunue hata kwa bei hiyo, labda kama kazi yake ni shuleni, sokoni na nyumbani. Sheria ya Kenya ya kukataa magari yaliyozidi miaka 8 imewakinga wanunuzi wa huko bila kukusudia. Tanzania haikatazi, kwa hiyo mnunuzi ajikinge mwenyewe.

Njia ya kujikinga ipo na si ghali. Nunua kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, pakua programu ya LeafSpy, na utaona asilimia ya afya ya betri, hali ya kila jozi ya seli, na mara ngapi gari limechajiwa kwa chaja ya kasi. Usitosheke na vile vipande 12 vya dashibodi. Wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vyote 12 viwake. Baada ya muda vinaanza kuzimika tena, gari likiwa tayari ni lako. Liendeshe kutoka chaji kamili hadi ya chini uone umbali wake halisi. Muuzaji anayekataa hilo amekwisha kukujibu.

Kasoro nyingine ni ndogo, ila gereji zetu zinaweza kuzikuza. Betri ndogo ya volti 12 ikifa, gari zima haliwaki hata kama ile kubwa imejaa. Kiyoyozi kina kompresa ya umeme inayotaka oili maalumu isiyopitisha umeme. Fundi akiweka ile ya magari ya kawaida, umeme unaweza kuanza kuvuja kwenye mfumo na gari likagoma. Nyumbani, usichaji kwa ekstensheni. Fundi umeme mwenye leseni avute waya wake peke yake wenye swichi yake, maana mzigo wa saa nane mfululizo huyeyusha soketi dhaifu. Soketi ya chaji ya kasi ni ya CHAdeMO ya Kijapani, wakati vituo vipya vingi vinajengwa kwa mfumo wa Ulaya, kwa hiyo hakikisha kwanza kituo kilicho karibu nawe kina waya wa CHAdeMO.

Linalonisumbua zaidi ni hili. Anayetembea kilomita 400 kwa mwezi ataokoa Sh 56,000 tu, na kwake petroli bado ina mantiki. Ambaye hesabu ingemnyanyua ni dereva wa teksi mtandao, anayezunguka mji mchana kutwa. Lakini huyo mara nyingi amepanga chumba, analaza gari nje, na LUKU anachangia na wapangaji wanne. Nafuu ya gari la umeme inakwenda kwa mwenye nyumba yenye geti.

Hilo halitatuliwi na mnunuzi mmoja. Vituo vya kuchajia usiku vijengwe kwanza Tandika na Mbagala kwa Dar, na Kayole kwa Nairobi, mahali madereva wanapolala. Na ukaguzi wa magari ya mtumba, unaoangalia breki na taa, uongeze mstari mmoja kwenye cheti: asilimia ya afya ya betri, iliyosomwa kwa kifaa na kusainiwa na mkaguzi, kabla gari halijapakiwa melini.